Tanga, mji wa barabara za namba: uzi wa kuusifia mji ulioacha kila mtu awe alivyo

Mgosi wa Barabara ya Tisa (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam aleikum. Wakubwa shikamooni.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome jioni. Nauandika kwa sababu kila Tanga ikitajwa humu mazungumzo yanakimbilia mapenzi na uchawi, yakaishia hapo hapo. Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani na jambo hili linaniuma. Huu ni mji uliopokea watu wa karibu kila kona ya Tanganyika, na wa ng'ambo pia, kwa zaidi ya miaka mia moja. Ukawapa chumba, ukawapa kazi, na tabia zao ukawaachia wenyewe. Ninajivunia hilo kuliko mlima na mbuga yoyote ya nchi hii, na leo nataka kueleza lilifanyikaje, maana halikutokea kwa hotuba.

Nianze na nyumba.

Anayeijua Ngamiani anajua barabara zetu zina namba. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, zinaendelea hadi zinapita ishirini, zimenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukimwelekeza mgeni unamwambia barabara ya tisa, nyumba ya tatu kutoka kona, basi. Waliopima viwanja vile enzi za ukoloni walikuwa na sababu zao za kutaka mistari, lakini sisi tuliozaliwa humo tulikuta namba ndiyo anwani, na namba haina kabila. Kwenye miji mingine kuna mtaa wa watu fulani, ukipita unajijua uko kwa nani. Ngamiani ungepita barabara nzima usijue.

Na nyumba zenyewe mnazijua: mlango wa mbele na baraza huku na huku, ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, nyuma uani kuna bafu, choo na mahali pa kupikia. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki anapangisha. Sasa pangisha vyumba vinne katika mji wenye bandari, reli na mashamba ya mkonge, uone watakaobisha hodi.

Nyumba tuliyokulia sisi, bibi mwenye nyumba alikuwa Mdigo. Chumba cha kwanza kulia alikaa fundi seremala, Mmakonde. Kinachofuata karani wa bandarini, Mchaga, Mlutheri, mkewe Msambaa wa Lushoto. Upande wa pili mvuvi wa Pemba ambaye tulimwona kwa misimu, na mama mmoja mjane, Mmanyema, muuza vitumbua. Kisha sisi, baba Mbondei na mama Mzigua. Uani kulikuwa na majiko matano ya mkaa na mbuzi moja ya kukunia nazi. Ile mbuzi moja iliwafanya wanawake wote wa nyumba ile waongee kila siku, wapende wasipende.

Ramadhani, mke wa karani alikuwa akipikia wanawe ndani ya chumba, mlango ameurudisha. Hakuna aliyemwagiza. Krismasi, bibi mwenye nyumba ndiye aliyekaa juu ya mbuzi tangu alfajiri akikuna nazi za wali wa watu wasio wa dini yake, na nazi zenyewe kanunua yeye. Siku za bada, ugali wetu wa muhogo, nyumba nzima ilinuka mchuzi wa papa. Yule Mchaga mwanzoni hakuweza kabisa kuimeza, lakini miaka miwili mitatu baadaye akawa anachungulia uani kuuliza kama leo ipo. Na sisi watoto tulijua mtori kabla ya kuijua Moshi iko upande gani.

Kuna siku mama yake fundi alikuja kutoka Newala. Mwanamke mzee sana, uso mzima una nembo za Kimakonde, na kwenye mdomo wa juu amevaa ndonya. Hatukuwahi kuona. Tulisimama ukumbini tumeganda, mmoja wetu akaanza kucheka. Bibi mwenye nyumba akatoka chumbani kwake, akamshika mgeni mkono, akamketisha kwenye mkeka wake mwenyewe, akatugeukia: "Mpeni mkono, mmoja mmoja. Mwambieni shikamoo bibi." Tukapanga mstari. Alikaa nasi msimu mzima wa mvua, na alipokuwa akisuka ukili barazani wapita njia walimwamkia kama wanavyomwamkia bibi yeyote. Hakuna aliyemshauri avue ndonya ili afanane na mji.

Hapo ndipo ninapotaka mniangalie vizuri. Makabila mengi peke yake si sifa. Miji mingi ya nchi hii ina makabila mengi. Ila ipo miji inayokupokea kwa sharti: ongea kama sisi, vaa kama sisi, cheka kama sisi. Tanga niliyokulia ilikuwa na sharti moja tu la maana, salamu. Ukimwamkia mtu na kuitikia anapokuamkia, umeshakuwa wa hapa. Mengine yote ni yako.

Tulikuwa na mzee wa barabara ya kumi na nne aliyeendesha baiskeli saa saba mchana amevaa suti kamili na tai, kila siku ya Mungu, na wala hakuwa na ofisi anayokwenda. Watu walimwita kwa heshima, "Bwana Mkubwa, za jua?" Tulikuwa na bwana mmoja asiyeona, kiti chake kilikuwa nje ya duka la fundi baiskeli, aliyekuwa akiwatambua watu kwa mlio wa mnyororo. "Huyo mnyororo umelegea, mwambie aje." Na kweli ulikuwa umelegea. Fundi alimlipa kwa kazi hiyo. Tulikuwa na mwalimu wa madrasa mpenzi mkubwa wa dansi la Atomic Jazz, bendi ya hapa hapa Tanga, na wanafunzi wake walilijua hilo, na darasani adabu ilibaki ile ile. Tulikuwa na wazee ukiwauliza swali la kawaida wanakujibu kwa beti. Watoto tulikua tukiamini kila mji una watu wa namna hii. Nilipohamia kwingine kwa kazi ndipo nilipoona wengi wao wangepewa majina mabaya.

Watu hawa walifikaje? Kwa kifupi, maana wengi mmesoma.

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi 1911. Mwaka huo huo wa 1893 Richard Hindorf aliagiza vikonyo vya mkonge kutoka Florida. Vilikuwa elfu moja, vikafika hai 62, vikapandwa Kikokwe upande wa Pangani. Mkonge wote ulioijaza nchi ulitokana na hivyo. Tanganyika ikaja kuongoza duniani, na mwaka 1964 ilivuna karibu tani 230,000. Mkonge haujikati. Waliletwa Waha, Warundi, Wabena, Wahehe, Wanyamwezi, Wamakonde, Wanyakyusa, Wafipa. Bandari ikawaleta Wapemba, Wangazija na Washihiri. Biashara ikawaleta Wahindi wa kila madhehebu, Bohora, Ismailia, Ithnaasheri, Wahindu, Singasinga, Wagoa. Wagiriki wakaja kulima. Leo mtoto wa Tanga anakwenda kuoga chemchemi za Galanos au anasoma sekondari ya Galanos, na jina hilo ni la Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Na wenyeji wote walikuwepo kabla yao, Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wasambaa, Wazigua, na pale Tongoni Waswahili wa pwani walishajenga msikiti na makaburi ya matumbawe karne nyingi kabla ya Mjerumani.

Shaaban Robert ni mtoto wa mji huu, alizaliwa Vibambani, Machui, mwaka 1909. Asili ya wazee wake ni Uyao, kusini kabisa kwa nchi. Jina lake la kwanza la mwezi wa Kiislamu, la pili la Kizungu. Akawa karani wa forodha, na akawa ndiye Kiswahili kinayemtaja kwanza kikihesabu washairi wake wa karne ile. Kama Tanga ingekuwa mji wa kuuliza "baba yako Mwislamu, hilo Robert limetoka wapi, na kwenu ni wapi hasa," sijui tungempoteza wapi.

Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walianzisha hapa hapa Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, Waislamu na Wakristo meza moja. Miaka saba kabla ya African Association ya Dar. Watu hawa hawakujifunza kukaa pamoja kutoka kwenye kitabu cha siasa.

Muziki nauachia wajuzi, ila niseme kidogo. Jamhuri Jazz, bendi iliyotikisa mji huu, ilianza ikiitwa Young Nyamwezi. Wanyamwezi, Tanga, na mji mzima unacheza. Na taarab: Unguja walikuwa na fidla, kanuni na udi, muziki wa kukaa na kusikiliza. Vijana wetu wa Black Star, na baadaye Lucky Star, wakaingiza gitaa la besi na mdundo wa dansi, na mwanamke wa Pangani, Shakila Said, akasimama mbele akaimba. Kilichotoka hapo kilikuwa cha Tanga, kila mtu aliyekisikia alijua hakitoki kwingine.

Nimesema ya kwangu. Karibuni, na anayepinga apinge.

---

Sahare Kasoro Bahari

Mgosi, umenikumbusha mbali. Naongeza mpira. Mkwakwani siku ya Coastal Union na African Sports, Wagosi wa Kaya na Wana Kimanumanu, hakukuwa na kabila lolote uwanjani isipokuwa hayo mawili. Baba yangu Mhehe, Coastal damu. Jirani yetu Mdigo, Coastal. Mdogo wake tumbo moja, African Sports, na siku ya mechi hawali pamoja. Mwaka 1988 Coastal ilipochukua ubingwa wa Bara mtu aliyelia kuliko wote mtaani kwetu alikuwa Mhindi mwenye duka la vipuri, akagawa soda kreti kwa kreti barabarani.

---

Mjukuu wa Kipande

Mleta uzi nimekusoma yote. Naheshimu ulichoandika, ila naomba niweke upande ambao haukukaa barabara ya tisa.

Babu yangu Mha, wa Kasulu. Aliandikishwa kwao akiwa kijana, akapanda treni ya reli ya kati halafu lori, akashushwa shamba la mkonge karibu na Muheza. Alipewa kipande, kadi ya kuhesabia siku thelathini za kazi. Siku usiyomaliza kazi uliyopimiwa haikuandikwa, unaweza kukaa miezi na kipande hakijaisha. Mikono yake mpaka anakufa ilikuwa na alama za miiba. Alikata, kisha akahamishiwa korona, kwenye mashine za kusaga majani, maji machafu magotini kutwa. Kambini waliwekwa kwa makabila, mstari wa Waha, mstari wa Wabena, mstari wa Wamakonde, na msimamizi alijua namna ya kuwachonganisha wasidai kitu pamoja.

Kwa hiyo unaposema mji uliwapokea, sawa, mji. Shamba halikumpokea mtu, lilimnunua. Na sisi wajukuu tuliotoka kambini kwenda kusoma mjini tulikuwa tukiitwa "manamba", jina la vibarua wa mashambani, na watoto wa hizo hizo barabara zako. Nilipigana mara nyingi kwa neno hilo. Babu alitoka kambini akaja mtaa wa Mabawa, mjini, akabeba mizigo stesheni, akaoa Mdigo, akajenga. Mabawa kweli hakuna aliyemuuliza. Lakini njia ya kutoka kambini hadi Mabawa ilimchukua ujana wake wote. Ukiusifia mji mtaje na aliyelipa.

---

Mgosi wa Barabara ya Tisa

Mjukuu wa Kipande, nashukuru, na chapisho lako ndilo lililokuwa likihitajika zaidi kwenye uzi huu. Sina la kupinga humo. Naomba tu niunganishe na hoja yangu, uniambie kama unakubali.

Shamba liliwaweka watu kwa makabila na kuwahesabu kwa namba. Mkoloni aliweka Wazungu Raskazone penye upepo wa bahari, Wahindi mjini madukani, Waafrika Ngamiani. Kila mwenye madaraka katika mkoa ule alikuwa akipanga watu kwa mafungu. Mahali pekee ambapo hawakuwa na haja ya kupanga ni ndani ya nyumba ya Mswahili anayetafuta kodi ya vyumba vinne. Ndipo watu wakachanganyika. Kwa hiyo ninapojivunia Tanga simsifu aliyejenga reli wala aliyeleta mkonge. Nawasifu mabibi wenye nyumba, wabeba mizigo wa stesheni, babu yako na bibi yako Mdigo aliyekubali posa ya mtu aliyekuja na kipande.

Ninaomba kama una majina ya kambi na mashamba uyaandike humu. Wazee wanaoyakumbuka wanapungua.

---

Binti Chumbageni

Habari zenu kaka zangu. Nasoma naona mnaandika wanaume watupu, suti, mpira, korona.

Tanga mwanamke anaendesha baiskeli. Nikiwaambia wenzangu wa mikoa mingine kwamba bibi yangu mwenye miaka sitini na kitu alikwenda sokoni kwa baiskeli, amevaa baibui, kapu limefungwa nyuma kwa mpira, hawaamini. Kwetu hilo halikuwa jambo la kugeuza shingo. Mama yangu alipata kazi ya ukunga mbali na nyumbani kwa sababu alikuwa na baiskeli na hakuna aliyemwambia ni aibu. Mwanamke mwenye baiskeli ana saa zake. Anaamua atoke lini, arudi lini, apite njia gani. Ukitaka kujua kama mji unamwachia mtu nafsi yake, angalia kama wanawake wanatembea bila kusindikizwa.

Lakini nisidanganye, shangazi yangu hakuolewa. Fundi cherehani hodari, anashona mpaka nguo za maharusi wa kihindi, pesa yake, chumba chake. Maneno yalisemwa, tena mengi, kwenye ngoma na kwenye kisima. Tofauti ninayoiona na kwingine ni kwamba pamoja na maneno yale hakuna aliyeacha kumpelekea kitambaa, hakuna aliyemnyima kiti harusini, na alipougua barabara nzima ilipishana kumwogesha. Walimsema na walimpenda. Sijui kama hilo linaitwa kukubaliwa, lakini yeye mwenyewe alikataa kuhamia Dar kwa kaka yake kwa sababu alisema huko atakuwa "dada wa fulani," na Tanga yeye ni fundi.

---

Mwana wa Kwale

Hamjambo ndugu zangu wa ng'ambo ya Horohoro. Mimi Mdigo wa huku Kenya, upande wa Msambweni, mjomba zangu wako Tanga hadi leo. Mpaka ulitukata katikati lakini harusi tunaalikana.

Nilipofika kwa huyo Mmakonde wa mleta uzi nilisimama. Kwetu Kwale kuna Wamakonde waliotoka Msumbiji kuja kufanya kazi mashamba ya mkonge na miwa tangu miaka ya 1930 na kuendelea. Walizaa hapa, wakazika hapa, wanachonga vinyago vinavyouzwa kwa watalii Diani, lakini kwa miongo mingi hawakuwa na kitambulisho. Huna kitambulisho hufungui akaunti, husajili laini ya simu, mwanao anakwama akimaliza shule. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale mpaka Nairobi kwa rais, ndipo wakakubaliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Majirani Wadigo walikuwa wamewakubali zamani, tunaoana nao, tunazikana. Kilichowakataa kilikuwa karatasi.

Kwa hiyo ninawaonea wivu mzuri. Mmakonde wa barabara ya tisa hakuhitaji kutembea kwa mtu yeyote ili aitwe mtu wa Tanga.

---

Chumbageni hadi Toronto

Salaam kwenu. Mimi ni Muismaili, babu yangu alitoka Kutch akiwa kijana, akafungua duka la vitambaa mjini Tanga. Niliondoka nikiwa mdogo katika miaka ya 1970. Baada ya sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo familia nyingi za jamii yetu ziliona hazina tena pa kusimama, zikahamia Kanada na Uingereza. Nimesoma uzi wote na nasema ukweli, nafurahi na ninaumia kwa pamoja.

Mgosi ameandika kwamba Wahindi waliwekwa mjini. Ni kweli, na wengi wetu tuliridhika kukaa hivyo. Babu alizungumza Kiswahili kizuri kuliko Kigujarati chake cha mwishoni, alikunywa kahawa barazani na wateja wake Waafrika, alisaidia mazishi, alikopesha vitambaa vya sanda bila kuandika kwenye daftari. Lakini binti zake hawakuolewa nje ya watu wa jamaatkhana, nyumba yetu ya ibada, na hakuna Mwafrika aliyepanga chumba kwenye nyumba yetu. Nikisoma habari ya ile mbuzi moja ya nazi uani naelewa kitu ambacho sisi hatukukipata. Tulikuwa majirani wa dukani, hatukuwa majirani wa uani.

Hata hivyo nikiulizwa huku nilipo kwetu ni wapi, sisemi India. Wanangu wanacheka kwamba nikikasirika natukana Kitanga.

---

Sahare Kasoro Bahari

Kaka wa Toronto, kaa ukijua jamaatkhana yenu ipo, na maghorofa yale ya mjini yenye roshani za mbao mengine bado yamesimama. Karibu nyumbani.

---

Dogo wa Kange

Shikamooni wote. Mimi kijana, nimezaliwa miaka ya tisini, naomba nitoke kidogo kwenye kumbukumbu niulize la sasa.

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia kwetu Chongoleani. Bandari imechimbwa kina. Watu wanaingia kama mlivyosema waliingia zamani, Waganda, Wachina, vijana wa Kanda ya Ziwa, mainjinia wa Dar. Lakini hawafikii Ngamiani. Wanafikia huku Kange na kwingine kwenye nyumba mpya, ukuta juu, geti, choo ndani, jiko ndani. Nina jirani nimekaa naye ukuta kwa ukuta mwaka wa tatu huu na sijui kabila lake, na hapo naweza kusema vizuri, "hatuulizani." Tatizo sijui hata jina lake. Hatuulizani kwa sababu hatuonani. Je, hiyo bado ni Tanga mnayoisifia? Maana naona kutoulizana kwenu na kwetu si kitu kimoja.

---

Binti Chumbageni

Dogo, hili swali nimekuwa nikilibeba bila kujua namna ya kulisema.

---

Mgosi wa Barabara ya Tisa

Dogo wa Kange, marahaba. Nimekaa na swali lako tangu jana usiku kabla ya kujibu.

Nakubaliana nawe. Kule kwetu mtu hakuulizwa kabila kwa sababu lilishajulikana na halikuwa na uzito. Tulijua fundi ni Mmakonde, tulimtania, naye alitutania. Kwenye msiba wa Mnyamwezi watani wake Wazigua, upande wa mama yangu, walikuwa wakija wakalala mbele ya jeneza wakidai walipwe ndipo lipite, na wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka. Hayo huwezi kuyafanya kwa mtu usiyemjua. Nyie mnakaa na watu tofauti, lakini mnakaa nao kwa mgongo.

Sitaki kumlaumu anayejenga ukuta. Wizi upo, na choo cha ndani ni raha, hakuna mama anayetamani kurudi kupanga foleni na ndoo alfajiri. Vyumba vya kupanga vya uani vilikuwa na joto, magonjwa, ugomvi wa mkaa na wa watoto. Hatuwezi kuwarudisha watu humo kwa sababu mimi napenda kumbukumbu zangu. Ila kuna kitu kimoja katika nyumba ile ambacho hakina gharama na tumekitupa bila sababu, nacho ni baraza. Pita Kange, pita kila mahali panapojengwa sasa, hakuna hata benchi la saruji upande wa barabara. Mtu mwenye milioni nyingi za kujenga hana pa kumkalisha mpita njia. Zamani maskini wa Ngamiani alikuwa nazo mbili.

Nasema hili kwa wanaojenga humu, na kwa madiwani kama wanasoma: mnapopitisha ramani, ulizeni ilipo baraza.

Na pia vituo vya bodaboda, naviona vinafanya kazi hiyo kwa vijana. Chini ya mwembe wa kwetu pale kona kuna Msukuma, Mrangi, Mdigo na kijana mmoja wa Bukoba mwenye nywele za rasta anayesoma vitabu wakati wenzake wanacheza drafti. Wanamwita Profesa, na wateja wenye safari ndefu wanamtafuta yeye kwa sababu wanapenda mazungumzo yake. Kwa hiyo haijafa.

---

Mjukuu wa Kipande

Mgosi, hoja yako ya mabibi wenye nyumba naikubali. Nimempigia mama leo. Majina aliyonipa ni ya mitaa ya kambi ya Muheza kwa namna walivyoiita wenyewe, si ya kwenye vitabu: mstari wa Waha walioweka michikichi nyuma ya vibanda, mstari wa Wabena waliokuwa na kwaya, na mahali palipoitwa Korona Chini, penye mfereji wa maji machafu. Anasema jioni za Jumamosi ya mshahara mistari yote ilikutana uwanja mmoja, sindimba ya Wamakonde upande huu, mdumange ya Wasambaa na Wazigua upande ule, na vijana wanahama kutoka duara hadi duara. Babu alimwona bibi kwenye duara la mdumange, naye alikuwa haijui kuicheza. Msimamizi wao hakuwa akifika uwanjani siku hizo.

Nitakwenda mwezi ujao nimrekodi akiwa na nguvu. Mwenye mzee mwingine wa kambi za Muheza, Korogwe au Pongwe anitumie ujumbe, twende pamoja.

---

Dogo wa Kange

Mkuu mleta uzi, ninajenga msingi sasa hivi. Fundi ananiambia baraza nje ya ukuta itakula eneo la barabara na serikali ya mtaa watanizuia. Nifanyeje?

---

Mgosi wa Barabara ya Tisa

Rudisha ukuta ndani futi tatu upande wa geti tu, baraza ikae kwenye kiwanja chako lakini uso wake uangalie barabarani. Hutagusa eneo la mtu. Weka paa fupi juu yake la kuzuia jua la alasiri, na simamia mwinamo wa sakafu, maji yatoke yasituame. Fundi wa barabara ya kumi na saba aliyenijengea yangu bado yupo, nitakutumia namba yake faragha.